Seva moja ya skuli, wageni wanne: mwenyeji wa Linux abaki na nini?

maalim_Wete (Wete, Pemba)

Assalaam alaykum.

Nasomesha hesabu skuli moja hapa Wete, na printa ikikwama ndiye mimi ninayeitwa. Tumepata seva kutoka kwa mzaliwa wa hapa anayeishi nje. Ni ile ya kusimama, prosesa Xeon E3 ya zamani, RAM GB 32, SSD moja ya GB 240 na diski mbili za TB 1. Imekuja tupu, haina mfumo wowote.

Mwalimu mkuu anataka mambo manne ndani ya mashine hiyo hiyo. Pahala pa kuwekea mitihani na matokeo, walimu wote wapafikie. Maktaba ya Wikipedia isiyotaka intaneti (Kiwix nimeshaijaribu kwenye laptop yangu, inakwenda vizuri). Windows moja kwa ajili ya programu ya mhasibu, maana haikubali kwengine. Na Linux ya wanafunzi kuchezea, waivunje watakavyo.

Kwamba jibu ni mashine pepe (kompyuta za programu ndani ya mashine moja; hizo ndizo wageni, na mfumo unaozibeba ndio mwenyeji) nalijua. Shida yangu ni kinachokaa chini yake. Kijana mmoja wa Chake kanambia nitie Ubuntu yenye madirisha na kila kitu, halafu VirtualBox, programu ya kuendeshea mashine pepe, juu yake, nione kwa macho. Mwengine kasema ESXi, mfumo wa VMware wa kubebea mashine pepe. Mimi moyo wangu uko kwenye Linux tupu, ndogo kabisa, lakini tupu kiasi gani? Nikivuka kwenda Unguja, mwenzangu niliyemwachia skuli atakutana na maandishi meupe kwenye skrini nyeusi. Ataweza?

Intaneti yetu ni bando la simu, kila GB naihesabu. Na umeme wa huku mnaujua.

---

mtoto_wa_Amani (Unguja)

Tia Proxmox, mfumo wa kubebea mashine pepe, ulale, maalim. Unafungua kivinjari, poti 8006, kila kitu unabonyeza. Hayo mambo ya kuandika amri usiku kucha ni ya wazee.

---

BiSeva (Mlandege, Unguja)

Wa alaykum salaam maalim. Mzee mmojawapo ndiye mimi, basi nivumilie, nitakuwa mrefu.

Nimehudumia mashine za mahoteli ya Nungwi na za maofisi ya hapa mjini, na msimamo wangu ni mmoja: mwenyeji hana kazi ila kubeba wageni. Hagawi mafaili, hachapishi, hatoi anwani za IP, hafungui tovuti. Kazi yoyote itakayokujia akilini, mtengenezee mgeni umpe yeye. Mwenyeji anayefanya kila kitu ni nahodha anayekata tiketi: kazi inakwenda mpaka siku bahari ichafuke.

Watu hudhani tunapunguza ili kuokoa RAM. Wewe una GB 32, madirisha yakila GB 1 hutohisi. Sababu iko kwengine. Kila pakeji unayoiweka kwa mwenyeji itadai marekebisho ya usalama, na baadhi ya marekebisho yanadai kuwasha upya. Ukimwasha upya mgeni wa Kiwix, wanaosubiri ni wanafunzi wa maktaba tu. Ukimwasha upya mwenyeji, umemzima na mhasibu katikati ya kuingiza ada. Tena anayevunja mlango wa mgeni mmoja kapata chumba kimoja; anayeingia kwa mwenyeji ana diski za wote mkononi, anasoma mpaka mitihani. Kwa hiyo mimi mwenyeji nampima kwa idadi ya sababu zitakazonilazimisha nimzime, na hizo nazitaka chache.

VirtualBox juu ya Ubuntu ya madirisha ni kitu cha laptop, cha kujifunzia. KVM, sehemu inayoendesha mashine pepe, imo ndani ya kerneli (kiini) ya Linux yenyewe tangu toleo 2.6.20 la mwaka 2007, huna haja ya kuongeza moduli ya nje ambayo kerneli ikibadilika inataka kujengwa tena. ESXi si mbaya kwa kazi yake, ila ile ya bure iliondolewa Februari 2024 baada ya Broadcom kuinunua VMware, kisha ikarudishwa Aprili 2025. Skuli yenye seva moja na isiyokuwa na fungu la leseni isijenge juu ya kitu kinachokwenda na kurudi namna hiyo.

Na wewe mwanangu wa Amani, Proxmox sikatai. Nayo ni Debian (aina ya Linux) chini yake, na kama maalim angekuwa na seva tatu za kusaidiana ningemwambia hiyo hiyo. Kwa seva moja na bando la simu, faili lake linazidi GB 1 na inakuja na vyombo vya kundi la seva ambavyo hatovigusa.

Sasa kazi. Chukua Debian, ile picha ya netinst (faili dogo la kusakinishia), haifiki GB 1. Usakinishaji ukifika pale inapokuuliza unataka makundi gani ya programu, toa alama zote, bakisha SSH server (ya kuingilia mashine ukiwa mbali) na zile zana za kawaida za mfumo. Madirisha ya GNOME huwa yameshatiwa alama tayari, usipite kwa kubonyeza Enter tu. Ukimaliza, mwenyeji akikaa bila wageni hatumii hata MB 300 za RAM. Halafu:

`apt install --no-install-recommends qemu-system-x86 qemu-utils libvirt-daemon-system libvirt-clients virtinst bridge-utils`

Hayo maneno ya `--no-install-recommends` usiyaruke. Bila ya hayo QEMU, inayowatengenezea wageni vifaa vyao, inavuta pakeji ya qemu-system-gui, nayo inaleta vitu vya madirisha kwenye mashine isiyokuwa na dirisha, kwa bando lako.

Diski. SSD igawe kwa LVM, mpango wa kukata diski vipande vinavyoweza kuongezwa: GB 15 za mwenyeji zinatosha, zilobaki ziache wazi ndani ya kundi, usizigawe zote siku ya kwanza. Kila mgeni mkatie kipande chake, mfano `lvcreate -L 60G -n mhasibu vg0`. Kuongeza kipande baadae ni amri moja, kukipunguza ni roho mkononi. Zile diski mbili za TB 1 zifunge pamoja kwa mdadm, RAID 1, yaani kila kitu kinaandikwa kwenye zote mbili, humo weka mafaili ya walimu na Kiwix. Wikipedia ya Kiingereza yenye picha inazidi GB 90, usijaribu kuishusha kwa simu. Mwombe mtu wa mjini mwenye faiba akupakie kwenye diski ya nje, ije na boti.

Mtandao ndio wengi wanapokwama. Unataka wageni wapate anwani kwenye mtandao wa skuli kama kompyuta nyengine, kwa hiyo unajenga daraja. Katika `/etc/network/interfaces`:

`iface enp2s0 inet manual`

`auto br0`
`iface br0 inet static`
`    address 192.168.1.10/24`
`    gateway 192.168.1.1`
`    bridge_ports enp2s0`
`    bridge_stp off`
`    bridge_fd 0`

Jina la enp2s0 badilisha uweke la kadi yako, `ip link` itakuonesha. Anwani nayo iwe ile ambayo rauta yako haiigawi kwa wengine. Ile mistari miwili ya mwisho ina maana: STP, kinga ya mizunguko ya mtandao, ikiwaka bila ya ile sifuri, daraja linangoja sekunde 15 kila hatua kabla halijapitisha kitu, na mgeni anayeomba anwani kwa DHCP anachoka kusubiri.

Kuhusu mwenzako na skrini nyeusi: hana haja ya kuiona. Kwenye laptop ya walimu yenye Linux weka virt-manager, iunganishe na seva kwa SSH. Madirisha yote yatakuwa kwenye laptop, vitufe vya kuwasha na kuzima vipo, na skrini ya kila mgeni unaifungua hapo. Kwenye seva yenyewe usiache hata kibodi. Mwandikie amri tatu kwenye karatasi, `virsh list --all`, `virsh start`, `virsh shutdown`, uibandike ubavuni.

Na kila mgeni utakayemtengeneza, toa maelezo yake: `virsh dumpxml mhasibu > mhasibu.xml`, uweke nakala nje ya seva. Faida ya mwenyeji mdogo utaiona siku SSD ikifa. Ndani yake hakuna kitu cha kulilia isipokuwa vipande vya wageni, ambavyo una bekapu zake (unazo?). Unasakinisha Debian kwenye SSD mpya, unaandika ile amri moja ya apt, unarudisha daraja na faili za XML, unamimina vipande. Ofisi moja hapa mjini, jina siliweki, walikuwa wamemjazia mwenyeji wao seva ya tovuti, ya printa, na mfumo wa mahudhurio. Alipokufa hakuna aliyekumbuka vyote vilivyokuwemo.

---

baharia_Mkoani (Mkoani, Pemba)

Dada BiSeva kasema kweli, ila kama tunatafuta kidogo kabisa mbona hatutaji Alpine? Picha yake ile ya mashine pepe haifiki MB 100. Kwa bando la simu hiyo ndiyo yenyewe.

Na maalim, hukusema kama una UPS, ile betri ya akiba umeme ukikatika. Mimi huku nilipo UPS ni ya kwanza kununuliwa, seva ya pili. Pia usiiweke karibu na dirisha la upande wa bahari. Chumvi inakula meno ya RAM na ya kadi, unaona mashine inajizima bila sababu, unalaumu Linux.

---

BiSeva

Alpine naipenda, na maalim akitaka mgeni wa Kiwix awe Alpine nitampigia makofi. Kwa mwenyeji nina maneno mawili. Toleo moja la Alpine linahudumiwa miaka 2, la Debian ukijumlisha huduma ya muda mrefu ni miaka 5. Seva ya skuli ikishakaa kwenye kona yake hakuna atakayeigusa, mnajuana. La pili, maalim akihamishwa skuli, atakayeitwa kuja kuitizama atakuwa kijana aliyejifunza Debian au Ubuntu. Anayemrithi naye ahesabiwe.

UPS umenikumbusha, na hapa navunja sheria yangu mwenyewe. Programu ya kuzungumza na UPS, yaani NUT, inakaa kwa mwenyeji, maana ndiye mwenye ile waya ya USB na ndiye wa kuzima mwisho. UPS nyingi za bei nafuu za madukani Darajani zinakubali dereva ya nutdrv_qx. Zile za majina makubwa jaribu kwanza usbhid-ups. Betri ikishuka, NUT inamwamrisha mwenyeji azime, na mwenyeji kabla ya kuzima anawaaga wageni. Hilo la kuwaaga linafanywa na huduma ya libvirt-guests. Fungua `/etc/default/libvirt-guests`, hakikisha kuna:

`ON_SHUTDOWN=shutdown`
`PARALLEL_SHUTDOWN=4`
`SHUTDOWN_TIMEOUT=180`

Kisha kila mgeni unayemtaka arudi mwenyewe umeme ukirudi, `virsh autostart` na jina lake. Yule wa wanafunzi usimpe hiyo, awashwe kwa kipindi.

Jaribio lake ni kung'oa plagi ukutani mchana kweupe, walimu wakiwa wameshafunga mafaili yao, ukae kwenye kiti uangalie. Kama betri inaisha kabla Windows haijamaliza kujifunga, mwambie NUT aanze mapema zaidi. Sisi wa Unguja tuliokaa gizani tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa baharini ulipoharibika, tulijua kuwa jenereta nayo huzimika ghafla, tena mara nyingi kwa siku moja. Tangu hapo seva isiyojua kujizima yenyewe siiiti imemalizika.

Na ukikuta maelekezo mtandaoni yanakwambia uweke `cache=unsafe` ili diski ya mgeni iwe na kasi, ikimbie. Mpangilio huo unapuuza kila ombi la mgeni la kuandika data mpaka chini kwenye diski. Kwa vipande vya LVM tumia `cache=none`.

---

maalim_Wete

Shukran sana Bi Seva, na ndugu yangu wa Mkoani pia. UPS ipo, seva nimeihamishia chumba cha ndani.

Debian imeingia, kweli ni ndogo, mpaka nikadhani haijamaliza. Lakini nimekwama mara mbili. `ls /dev/kvm` inasema hakuna kitu kama hicho. Na daraja linakataa: kadi ninayoitumia ni ya Wi-Fi, ile ya USB, kwa sababu rauta iko ofisi ya mwalimu mkuu na seva iko stoo. Mwenyeji mwenyewe anapata mtandao, mgeni wa majaribio hapati.

---

BiSeva

La kwanza ni la bayosi. Washa mashine, ingia kwenye mipangilio yake, tafuta upande wa prosesa mstari wenye neno Virtualization, uwashe. Seva zilizokaa ofisini mara nyingi zimezimwa hapo. Ukishahifadhi, zima kabisa, toa waya wa umeme, subiri kidogo, kisha washa. Mashine nyengine haziukubali mpangilio huo kwa kuwasha upya tu. Hapo hapo tizama na saa ya bayosi. Kama inaonesha mwaka wa ajabu, betri yake ya CR2032 imekwisha, na skuli isiyokuwa na intaneti ya kudumu haina pa kuirekebishia saa. Matokeo ya mitihani yataandikwa tarehe za kuchekesha.

La pili halina dawa ya programu. Wi-Fi ya kawaida haikubali daraja: rauta inamjua yule aliyejiunga nayo tu, fremu zikija na anwani ya kadi nyengine, ya mgeni, inazitupa. Unaweza kutumia mtandao wa NAT wa libvirt (wageni wanatoka nje kwa anwani ya mwenyeji), ule wa 192.168.122, na kwa hapo utahitaji kuongeza pakeji ya dnsmasq-base ambayo tuliiacha. Wageni watatoka nje, ila walimu hawatomfikia mgeni wa mafaili mpaka uanze kupitisha poti moja moja. Kwa seva ya kuhudumia watu hiyo ni kujitafutia kazi. Vuta waya. Kebo ya mtandao inakwenda mpaka mita 100, stoo yenu haiko Konde.

---

mtoto_wa_Amani

Haya nimenyamaza. Ila kivinjari bado nakitaka, Bi mkubwa. Kwani Cockpit, ya kusimamia seva kwa kivinjari, na ile sehemu yake ya mashine pepe ina ubaya gani? Ipo ndani ya Debian.

---

BiSeva

Haina ubaya, ni poti moja zaidi iliyo wazi kwa mwenyeji. SSH tayari iko wazi na virt-manager inapita humo humo. Kama maalim hana laptop ya Linux ya kuwaachia walimu, basi aiweke Cockpit. Bora hiyo kuliko mwenzake kuivuta plagi kwa kukosa kitufe.

---

maalim_Wete

Waya umepita juu ya dari, mlinzi wa skuli kanisaidia. `/dev/kvm` ipo. Daraja liko juu, mgeni wa mafaili na wa Kiwix wote wanaonekana kutoka chumba cha walimu.

Kimebaki cha mhasibu. Nimeanza kusakinisha Windows 10 kwa virt-manager, imefika pahala pa kuchagua diski, orodha iko tupu. Kipande cha GB 60 nimekikata, kwa mwenyeji nakiona. Yeye hakioni.

---

BiSeva

Umempa diski ya aina ya virtio, iliyobuniwa kwa mashine pepe, na Windows haiji na dereva zake. Njia ya wenye bando kubwa ni kushusha sidii ya virtio-win, inazidi MB 500, umpachikie mgeni kama sidii ya pili, kisha pale kwenye orodha tupu ubonyeze kupakia dereva na uchague viostor, halafu w10, halafu amd64. Ya mtandao iko kwenye NetKVM.

Kwako wewe, zima huyo mgeni, badilisha diski iwe SATA na kadi ya mtandao iwe e1000e, uanze tena. Windows 10 inazijua zote mbili bila kushusha chochote. Ni taratibu kidogo, ila programu ya ada ya skuli moja mhasibu hatoijua tofauti. Virtio utaihamia ukija Unguja na flashi.